Ujuzi Kabla ya Kisu

Wasikilizaji wapenzi wa Nachingwea na Ruangwa, mlioko Stesheni na Naipanga, Mbekenyera na Mandawa, na ninyi mlioko mashambani chini ya mikorosho na redio zenu ndogo, nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huzuka katika habari mara moja baada ya miaka kadhaa, likatushtua, likatutoa machozi, kisha likasahauliwa kabla halijatufunza kitu: kuzaliwa kwa pacha walioungana miili, na kazi ya matabibu ya kuwatenganisha. Habari hizo aghalabu hutufikia kwa sura mbili tu, ya ndege iwapelekayo watoto nchi ya mbali na ya ndege iwarejeshayo, hali kati ya safari hizo mbili mna maarifa mengi ambayo mama aliyeko Likunja au Mnero ana haki ya kuyajua sawasawa na mtu wa mji mkubwa. Rai yangu nitaitoa mapema, ili kila mmoja wenu aipime kadiri ninavyoendelea: ujuzi wa miili ya watoto hao hutangulia kisu, na heshima ya utu wao hutangulia ujuzi huo.

Pacha walioungana hutoka katika yai moja. Yai la mama likikutana na mbegu ya baba huwa kitu kimoja, na pengine, kwa sababu ambazo elimu ya tiba haijazifikia kina chake, kitu hicho kimoja hugawanyika kuwa viwili. Mgawanyiko ukitukia katika siku tatu au nne za mwanzo, watoto wawili hukua kila mmoja na kondo lake la nyuma. Ukichelewa kidogo, hushiriki kondo moja lakini kila mmoja akakaa katika mfuko wake wa maji. Ukichelewa zaidi, huishi katika mfuko mmoja. Na ukianza baada ya siku kumi na tatu hivi, wakati ambapo mwili umekwisha kuanza kujipanga, mgawanyiko huo haufiki mwisho, na watoto hubaki wameshikana pale ambapo kazi iliishia. Hiyo ndiyo kauli ya wengi. Wako mabingwa wengine washikao kauli ya pili, kwamba yai hugawanyika kwa ukamilifu, kisha vijusi viwili vilivyo karibu karibu hugusana na kuungana upya. Ikhtilafu hiyo haijesha, lakini pande zote mbili zinakubali jambo lililo muhimu kuliko yote kwa msikilizaji wangu: tukio lenyewe hutokea katika wiki chache za mwanzo wa mimba, pengine kabla mama hajajua kwamba amebeba, na hakuna tendo lake wala la mumewe lililolileta.

Nasema hivyo kwa mkazo kwa kuwa naijua lawama. Wapo wasemao kwamba mama alikula ndizi pacha. Wapo wasemao kuna mtu aliyekwenda kwa mganga. Wapo, na hawa ndio wabaya kuliko wote, watafutao dhambi iliyofichwa katika ndoa ya watu wawili maskini waliokwisha kulemewa na huzuni. Ndizi pacha ni tunda tamu na halina hatia. Hakuna dalili kwamba hali hii hurithiwa katika ukoo wa baba wala wa mama, na mwanamke aliyezaa pacha walioungana huweza kuzaa baadaye watoto wengine kama wanawake wenzake wote. Idadi itajwayo na matabibu ni mimba moja katika 50,000 au hata katika 100,000, na takriban nusu ya watoto hao huzaliwa wamekwisha kufa. Katika wale wanaozaliwa hai wengi ni wa kike, na wengi huaga dunia katika siku yao ya kwanza. Kwa hiyo mama apatwaye na jambo hili amefikiwa na kadari iliyo adimu mno, na anayemwongezea fedheha juu ya msiba wake amefanya dhuluma.

Sasa tuingie katika miili yenyewe, maana hapo ndipo hukumu yote ya tabibu ilipo. Wengi wao huungana kifuani, uso kwa uso, na hao ndio wenye mashaka makubwa, kwa kuwa mara nyingi nyoyo zao hushikana, na pengine moyo huwa mmoja kwa wote wawili. Wengine huungana tumboni, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, wakishiriki ini na pengine sehemu ya utumbo. Hawa ndio wenye matumaini mema, kwa sababu ini ni kiungo cha ajabu ambacho kikikatwa huweza kumea na kurudia ukubwa wake. Wengine hushikana makalioni, migongo ikielekeana, na hapo mpasuaji huchunguza uti wa mgongo, njia ya haja kubwa na kibofu cha mkojo. Wengine huungana nyongani, na pengine hesabu ya miguu yao haifiki minne. Wachache kabisa huungana vichwani, ambapo mifupa ya fuvu, mishipa mikubwa ya damu na pengine ubongo wenyewe huwa vimepitana. Mtu awatazamaye watoto hawa kwa nje huweza kudhani kwamba wale walioshikana kwa ngozi nyembamba ni rahisi na wale walioshikana kwa upana ni vigumu. Lakini ngozi haisemi kweli yote, na utando mwembamba huweza kuficha mshipa ambao ukikatwa vibaya watoto wawili hufa kwa pigo moja.

Ninyi wenyeji wa Nachingwea mna ushahidi katika ardhi yenu wa hasara ya kutenda kabla ya kupima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, msitu ukang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani, na fedha zikamwagwa kwa mamilioni ya pauni, hali mvua ya miaka mingi haikusomwa vema wala udongo haukuchunguzwa inavyopasa. Na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Waliouanzisha hawakupungukiwa na vyombo wala ari, walipungukiwa na kujua. Basi mpasuaji aliye mwaminifu hujizuia na kosa la namna hiyo. Kabla ya kugusa kisu huwapima watoto kwa picha za mionzi na kwa mashine kubwa zionyeshazo mwili tabaka kwa tabaka. Hutia dawa katika mshipa wa mmoja akangoja aone kama itatokea katika mwili wa mwenziwe, na kwa kiasi gani. Huhesabu figo, hufuata njia ya nyongo, husikiliza nyoyo. Na akiwa na wasaa huwaacha watoto wakue kwa miezi kadhaa, wanyonye, waongezeke uzito, wapate nguvu ya kustahimili. Upasuaji uliongojewa na kuandaliwa huokoa wengi. Ule wa dharura, ufanywao kwa sababu mmoja anakata roho, huokoa wachache. Na kwa kuwa baada ya kutengana kila mtoto atabaki na jeraha pana lisilo na ngozi ya kulifunika, matabibu huweza kutia vifuko vidogo chini ya ngozi yao wiki nyingi kabla, wakavijaza maji ya chumvi kidogo kidogo, ngozi ikanyooka na kuongezeka, hata siku ya kazi ifikapo pakawa na cha kufunikia.

Siku hiyo yenyewe ni siku ya umati. Huwekwa majopo mawili kamili, kila moja na mtoto wake: wapasuaji, wauguzi, mtaalamu wa nusu kaputi na mashine yake, na aghalabu kila jopo hupewa rangi yake, na kila mrija na kila waya ukatiwa rangi hiyo ili dawa ya huyu isipewe yule. Nusu kaputi pekee ni mtihani mkubwa, maana dawa iliyotiwa kwa mmoja huvuka kwenda kwa wa pili kwa njia ya damu wanayoshiriki, na kiasi kinachomtosha mmoja huweza kuwa sumu kwa wote. Wapasuaji wa ini hufanya sehemu yao wakatoka, wa mifupa wakaingia, wa njia ya mkojo wakafuata, na wa ngozi wakamalizia. Ikifika dakika ya kukatwa kiungo cha mwisho, meza moja huwa mbili, na kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwao watoto wale hulala mbalimbali. Kazi haijesha hapo. Wapo watakaohitaji upasuaji mwingine mara kadhaa, na mazoezi ya viungo ya miaka.

Elimu hii haikuzaliwa jana. Mwaka 1689, katika mji wa Basel huko Uswisi, tabibu Johannes Fatio aliwatenganisha watoto wawili wa kike walioungana tumboni, nao wakaishi. Karne moja na zaidi baadaye walizaliwa katika nchi ya Siam, ambayo leo ni Thailand, ndugu wawili wa kiume, Chang na Eng, walioshikana kwa utepe wa nyama chini ya kifua. Walihamia Marekani, wakalima, wakaoa dada wawili, wakapata watoto 21 kwa jumla. Mwaka 1869 walitaka shauri kwa tabibu mashuhuri wa Edinburgh, James Young Simpson, naye akawashauri wasitenganishwe, kwa kuwa hapakuwa na njia wakati ule ya kujua kwa yakini kilichokuwamo ndani ya utepe ule. Walifariki Januari 1874, mmoja akitangulia na wa pili akimfuata baada ya saa chache, na miili yao ilipopasuliwa ilionekana kwamba maini yao yaliungana. Shauri la Simpson lilikuwa shauri la mtu aliyejua mpaka wa ujuzi wake, na mimi namsifu kwa hilo kuliko ninavyowasifu wengi waliokata.

Kwetu Afrika Mashariki na jirani zake mambo yamesonga mbele katika uhai wa wengi wenu mnaonisikiliza. Desemba 1997, watoto wa kiume kutoka Zambia walioungana vichwani walitenganishwa huko Afrika Kusini katika kazi ya saa 28 iliyoongozwa na Ben Carson wa Marekani, nao wote wawili wakapona. Mwanzoni mwa Novemba 2016, katika hospitali ya taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, watoto wawili wa kike walioshikana sehemu ya chini ya mgongo, ambao walikuwa wamekaa hospitalini kwa takriban miaka miwili wakiangaliwa na kuandaliwa, walitenganishwa kwa muda wa saa 23. Watanzania nao hawakukosa sehemu yao: mwishoni mwa mwaka 2013 watoto wa Kyela walitenganishwa huko Chennai, India, Desemba 2018 na tena Oktoba 2023 watoto kutoka Kagera na kutoka Tabora walitenganishwa mjini Riyadh, ambako Saudi Arabia imeifanya kazi hii kuwa hisani ya dola tangu mwaka 1990 na kuwapokea watoto wa nchi nyingi kwa gharama yake, na Julai 2022 upasuaji wa namna hii ulifanyika nyumbani, Muhimbili, mabingwa wetu wakishirikiana na wenzao wageni. Naipa siku hiyo ya Muhimbili uzito mkubwa, kwa sababu mpasuaji wa Kitanzania aliyeshiriki kazi hiyo kwa mikono yake atawafunza wengine, na hazina ya namna hiyo haisafiri na ndege.

Hata hivyo, nikiulizwa ni pacha gani waliolifunza taifa hili zaidi, sitawataja waliotenganishwa. Nitawataja Maria na Consolata. Walizaliwa mwaka 1996 katika hospitali ya Ikonda, wilayani Makete, kila mmoja na kichwa chake, moyo wake na mikono yake, wakiwa wameungana kuanzia tumboni kushuka chini. Wazazi wao walifariki watoto wangali wadogo, na watawa wa Shirika la Consolata wakawalea. Walisoma darasa moja na watoto wengine, wakaendelea na sekondari wilayani Kilolo, na mwaka 2017 wakafaulu kidato cha sita katika shule ya Udzungwa. Mwaka uo huo wakaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, mjini Iringa, kwa azma ya kuwa walimu. Nchi nzima iliwaona katika runinga wakizungumza kwa ucheshi na akili, kila mmoja na maneno yake, mmoja akianza hoja na mwenziwe akiikamilisha, na pengine akiipinga. Walipoulizwa habari ya kutenganishwa walijibu wazi kwamba hawataki.

Jibu hilo lilifaa lituzindue. Watu wazima wawili, wenye elimu na hiari timamu, walikuwa wakituambia kwamba maisha yao, ambayo sisi tuliyatazama kwa jicho la huruma, wao waliyaona kuwa maisha. Ugumu walikuwa nao: kukaa, kutembea, kupumua, kila kimoja kilikuwa na mzigo wake, na mwanzoni mwa mwaka 2018 walilazwa Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo na pumzi. Tarehe 2 Juni 2018 walifariki mjini Iringa, mmoja baada ya mwingine kwa muda mfupi sana, wakiwa hawajamaliza mwaka wao wa kwanza wa chuo, na wakazikwa Tosamaganga mbele ya umati wa waombolezaji. Nimewasikia watu wakisema kwamba laiti wangalitenganishwa utotoni wangalikuwa hai. Asemaye hivyo husema bila kupima. Wapo watoto ambao kisu huwapa maisha mawili, na wapo ambao kisu kingewapokonya hata lile walilo nalo. Na mwaka 2003 dada wawili wa Irani, Ladan na Laleh Bijani, wenye umri wa miaka 29, walioungana vichwani na kutaka kwa hiari yao kutenganishwa, walifariki Singapore wakiwa mikononi mwa mabingwa waliosifika duniani. Dada hao walichagua kisu na Maria na Consolata walikikataa, na wote walistahili heshima ile ile, kwa kuwa nafsi zilikuwa zao.

Ugumu mkubwa huja pale ambapo wenye nafsi hawawezi kusema. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua, kinyume cha matakwa ya wazazi, kwamba watoto wawili waliozaliwa Manchester watenganishwe, hali ikijulikana hakika kwamba mmoja, aliyekuwa akiishi kwa moyo wa nduguye, atakufa palepale mezani. Na ikawa hivyo, aliyebaki akaishi. Majaji wenyewe walikiri uzito wa hukumu ile. Mimi si hakimu, lakini naamini ya kwamba wazazi wa Kitanzania wakifikishwa penye njia panda kama hiyo, wana haki ya kuelezwa yote kwa Kiswahili chepesi, bila haraka, na si kuwekewa karatasi ya kutia kidole gumba.

Yote haya yana uhusiano gani na Ruangwa na Nachingwea? Yana uhusiano wa karibu mno, maana safari ya kwenda Muhimbili au Riyadh huanzia katika zahanati ya kijiji, na mara nyingi hufa huko huko. Pacha walioungana huweza kuonekana kwa kipimo cha utrasaundi tangu mimba ikiwa ya miezi mitatu, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka kila mjamzito apate kipimo hicho walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mama aliyegunduliwa mapema hupangiwa kujifungua kwa upasuaji mahali penye mabingwa, akafika kwa miguu yake na akili yake imetulia. Mama asiyegunduliwa huanza uchungu nyumbani au zahanati, watoto wakakwama njiani, na hapo tunazungumza juu ya mauti matatu. Kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kusubiri kilomita hizo. Anazo hospitali za wilaya zote mbili, anayo ya misheni ya Mnero, na za Nyangao na Ndanda kwenye barabara kuu ya kwenda Masasi, na iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara. Lakini mlango wa zote hizo ni kliniki ya wajawazito, na mlango huo wengi wetu tunaupita tumbo likiwa limekwisha kuwa kubwa, tukisingizia palizi, ufuta au msimu wa korosho.

Kwa hiyo nawaomba, mama zangu na dada zangu: mwezi wa kwanza mkikosa kuona siku zenu, nendeni kliniki, na mkifika ulizeni kipimo cha utrasaundi kinapatikana wapi na lini. Baba zangu na kaka zangu, wasindikizeni, na wekeni akiba ya nauli ya rufaa fedha za korosho zikiingia, kabla hazijapata matumizi mengine. Wakunga na waganga wa zahanati, mkiona tumbo lisilo la kawaida au mkisikia mapigo mawili, msingoje, andikeni rufaa siku ile ile. Na ikitukia katika kijiji chenu wakazaliwa watoto walioungana, msikusanyike mlangoni kuwapiga picha kwa simu, wala mama yao msimwache peke yake na maneno ya watu. Mpeni kila mtoto jina lake, wafunikeni wasipate baridi, wanyonye ikiwa wanaweza, na waondoke siku hiyo hiyo kwenda hospitali pamoja na mama yao.